Mkanda wa Injini ya Motokaa: Dalili za Kuchakaa Kwake na Namna ya Kuubadili

Watu wengi waijuao motokaa huijua kwa magurudumu yake, na usukani wake, na mafuta yake. Lakini ni wachache waujuao mkanda uzungukao mbele ya injini. Nao ni kitu kidogo cha mpira, chepesi mkononi, na bei yake haifiki bei ya tairi moja. Walakini mkanda huo ukikatika njiani, mbali na mji, gari zima husimama, na pengine injini huharibika kwa hasara ambayo mwenye gari hataweza kuilipa kwa muda wa mwaka mzima. Magari yategemewayo vijijini si ya anasa. Ndiyo yawachukuayo wagonjwa na wanawake wajawazito kwenda hospitali, na maziwa kwenda kiwandani, na mahindi kwenda sokoni. Basi twaona yafaa kueleza mkanda huu ni kitu gani, huchakaa kwa sababu gani, na jinsi ya kuutoa na kutia mwingine. Na zaidi ya hayo, jinsi ya kuusoma ule wa zamani kabla ya kuutupa, maana hapo ndipo watu wengi wanapokosea.

Kwanza kazi yake. Chini ya injini kuna chuma kikubwa kizungushwacho na bastola, nacho mafundi hukiita krenki. Mwisho wake wa mbele hufungwa gurudumu dogo lenye mfuo ukingoni, ndilo liitwalo puli. Mkanda hupita katika mfuo huo, ukaenda kupita katika puli nyingine zilizo juu, na kwa hiyo krenki ikizunguka puli zote huzunguka pamoja nayo. Puli moja huzungusha pampu isukumayo maji katika injini na rejeta. Nyingine huzungusha altaneta, yaani chombo kifanyacho umeme wa kujaza betri na kuwasha taa. Aghalabu feni nayo hufungwa mbele ya pampu ya maji, ikazunguka pamoja nayo. Na magari yenye usukani mwepesi na kipoza hewa huwa na puli za pampu ya usukani na za kompresa.

Msomaji asidhani kuwa kazi hiyo ni ndogo. Tuchukue mfano wa injini ambayo krenki yake huzunguka mara 3,000 kwa dakika, na puli yake ina upana wa milimita 130 kutoka ukingo hata ukingo. Mkanda wake utakwenda mwendo wa mita 20 kwa nukta moja, nao ni zaidi ya kilometa 70 kwa saa. Na ikiwa urefu wake ni mita 1.2, utazunguka mara 17 kwa kila nukta, na zaidi ya mara 60,000 kwa saa moja ya safari. Katika kila mzunguko hupindwa na kunyooshwa kwenye kila puli, huku umezungukwa na joto la injini na vumbi la barabara. Ajabu si kwamba mkanda hukatika. Ajabu ni kwamba hudumu siku nyingi hivyo.

Hapo zamani mkanda ulikuwa bapa. Katika gari la Ford la namna ya Model T, lililotengenezwa tangu 1908 hata 1927, feni ilizungushwa na mkanda bapa, na mkanda wa namna hiyo huteleza upesi ukilegea au ukiingiwa na mafuta. Mwaka 1917 John Gates, ambaye ndugu yake alikuwa na kiwanda katika mji wa Denver huko Marekani, alifanya mkanda wa mpira na nguo wenye umbo la kabari, mpana juu na mwembamba chini. Umbo hilo ndilo lililoenea duniani, na hata leo magari mengi ya kazi hulitumia. Baadaye ulikuja mkanda mpana wenye matuta membamba kwa urefu wake, mfano wa matuta ya shamba la viazi, ambao mmoja huweza kupita katika puli zote za injini. Mwaka 1979 gari la Ford Mustang lilitoka kiwandani likiwa na mkanda wa namna hiyo, na tangu hapo umezidi kuenea katika magari madogo.

Jambo moja la ule mkanda wa kabari yapasa lieleweke vema, maana mengi hufuata hilo. Mkanda haushiki kwa tumbo lake. Hushika kwa mbavu zake mbili. Kadiri unavyovutwa ndivyo unavyozama katika mfuo na kubanwa pande zote mbili, kama kabari ya mpasua kuni ibanwavyo katika gogo. Tumbo lake halipasi kugusa chini ya mfuo hata kidogo. Ukitazama puli ukaona chini ya mfuo pamesuguliwa pakang'aa kama sarafu mpya, ujue ya kuwa ama mkanda umekwisha mbavu ukazama, ama si saizi yake, ama puli yenyewe imeliwa. Mkanda wa hali hiyo huteleza hata ukikazwa namna gani.

Sasa tutazame ukikatika huwaje. Kwanza taa nyekundu yenye picha ya betri huwaka mbele ya dereva, kwa kuwa altaneta imesimama. Katika magari ambayo pampu ya maji huzungushwa na mkanda huo huo, maji nayo husimama katika injini, na dakika chache baadaye sindano ya joto hupanda. Maji ya rejeta yamefungwa kwa mfuniko uzuiao mvuke, ndiyo sababu hayachemki yafikapo digrii 100 bali huweza kupita 110. Lakini yakichemka hutoka kwa nguvu nyingi. Vifuniko vya silinda vya injini nyingi za sasa ni vya alumini, na alumini ikipata moto mwingi hupinda. Kifuniko kikipinda, gasketi huungua, maji hupata njia ya kuingia katika oili, na oili hugeuka rangi ikawa kama chai ya maziwa. Ukiona chai hiyo katika kijiti cha kupimia oili, safari imekwisha.

Tena kuna mtego mmoja ambao madereva wengi hawaujui. Maji yakimwagika yote, kile kipimo cha joto kilichomo ndani ya injini hubaki hewani wala si majini, na sindano huweza kushuka. Dereva hufurahi, akisema injini imepoa. Kumbe ndiyo inaungua. Kwa hiyo taa ya betri ikiwaka na gari linakwenda, usingoje sindano ikupe habari. Simama mahali pa salama, zima injini, fungua boneti, utazame mkanda uko au hauko. Mfuniko wa rejeta usiuguse mpaka injini imepoa kabisa, wala usimwage maji baridi juu ya chuma chenye moto, maana huweza kupasuka.

Na katika baadhi ya injini za dizeli za zamani, pampu ndogo inyonyayo hewa kwa ajili ya kusaidia breki hufungwa mgongoni mwa altaneta. Hapo mkanda ukikatika breki hushika bado, lakini huwa nzito kama kukanyaga jiwe. Hebu fikiri habari hiyo katika mteremko wa mlima, gari limejaa watu na magunia.

Habari njema ni kwamba mkanda mara nyingi hutoa hodi kabla ya kuondoka. Hodi iliyo mashuhuri ni kelele ya kulia asubuhi, wakati injini inapoanza, hasa taa zikiwa zimewashwa. Sababu ni kwamba kuwasha injini kumepunguza nguvu ya betri, altaneta yataka kuirudisha mara moja, na kwa hiyo puli yake huwa nzito kuzungushwa, na mkanda uliolegea huteleza juu yake. Baada ya dakika mbili betri imeridhika, na kelele hunyamaza, na dereva husahau. Hodi nyingine ni taa za mbele zinazofifia injini ikiwa polepole, na betri isiyojaa ijapokuwa ni mpya, na usukani uwao mzito ghafula katika kona.

Ikiwa hujui kama kelele ni ya mkanda, kuna jaribio rahisi. Injini ikiwa inazunguka polepole, simama kando, mikono na nguo zikiwa mbali na feni, unyunyizie maji kidogo juu ya mkanda kwa chupa yenye tundu dogo. Kelele ikizidi kuwa kubwa, mkanda umelegea na unateleza. Ikiwa ni mlio mfupi mfupi kama wa kifaranga, nao ukanyamaza kidogo ulipopata maji kisha ukarudi, aghalabu puli hazikukaa katika mstari mmoja. Jaribio hili ni la bure, wala hatuoni kwa nini halifanywi na kila dereva. Lakini ile desturi ya kupaka sabuni au mshumaa juu ya mkanda uliao hatuipendi. Yafanana na kumziba mdomo mtoto aliaye kwa njaa. Mkanda utanyamaza siku mbili, na maradhi yake yatazidi.

Kuhusu kuutazama kwa macho, siku hizi yapasa kuwa na hadhari mpya. Mikanda ya zamani ilifanywa kwa mpira uitwao neoprene, nayo ikizeeka hupasuka-pasuka nyufa za kukingama, na mtu huziona kwa urahisi. Tangu miaka ya 1990 viwanda vingi vimehamia mpira mwingine uitwao EPDM, ambao hauonyeshi nyufa upesi. Huo huliwa polepole kama tairi, na mtu autazamaye kwa haraka husema ni mzima. Basi katika mkanda wa matuta, tia ukucha kati ya matuta mawili: katika mkanda mzima bonde lina umbo la V na ukucha haufiki mbali, katika uliokwisha bonde limekuwa pana kama herufi ya U. Mikanda hiyo mara nyingi hudumu kilometa 100,000 hivi katika barabara ya lami. Katika barabara ya vumbi na changarawe haifai kutegemea hesabu hiyo.

Ukienda dukani, usiridhike kutaja jina la gari tu. Mgongoni mwa mkanda pameandikwa namba, nayo husema yote. Mathalan, 6PK1230 maana yake ni mkanda wa matuta 6, wa aina ya PK, wenye urefu wa milimita 1,230. Ule wa kabari ukiandikwa AVX13x1000, basi upana wake wa juu ni milimita 13 na urefu wake wa nje milimita 1,000. Ikiwa maandishi yamefutika, chukua mkanda wenyewe ukautundike juu ya msumari pamoja na ule mpya. Wa zamani utaning'inia chini kidogo, kwa kuwa umenyooka kwa kazi, lakini tofauti ikiwa kubwa, mpya huo si wake. Tazama pia maandishi ya mpya kama yameandikwa sawasawa na kwa wino usiotoka kwa kidole, maana bidhaa za kuigiza ni nyingi, nazo huvaa sanduku zuri kuliko zile za kweli.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe. Tutachukua mfano wa Toyota Land Cruiser yenye injini ya dizeli iitwayo 1HZ, kwa kuwa ndiyo injini ya magari mengi ya hospitali na ya safari za mashamba, na puli zake ni za kabari. Injini hiyo hutumia mikanda miwili sambamba kwa feni, pampu ya maji na altaneta. Mmoja ukikatika, au ukichakaa, badili yote miwili kwa pamoja, tena iwe ya kiwanda kimoja. Ukitia mmoja mpya kando ya mmoja wa zamani, ule mpya ni mfupi zaidi, hivyo utabeba mzigo wote peke yake huku mwenzake akitembezwa tu, nao utakufa kabla ya siku zake.

Gari lisimame mahali tambarare, breki ya mkono imevutwa, injini imepoa, na ufunguo uwe mfukoni mwako wewe mwenyewe uliyeinama, si mwa mtu mwingine. Twalisema hili kwa nguvu kwa sababu vidole vilivyopotea mbele ya injini vilipotea mara nyingi kwa ajili ya msaidizi aliyewasha kwa kudhani kazi imekwisha. Kisha fungua ncha hasi ya betri, kwa kuwa utafanya kazi karibu na altaneta, na spana ikigusa waya wake mnene hutoa cheche kali.

Altaneta imeshikwa kwa bolti za namna tatu: moja ni ya chini, ndiyo bawaba yake, ya pili huikaza isitembee, na ya tatu, ndefu, ni ya kuisogeza. Legeza bawaba na ile ya kukaza, lakini usizitoe. Kisha zungusha ile ndefu mpaka altaneta isogee upande wa injini na mikanda ilegee. Kama gari lina kipoza hewa, mkanda wake aghalabu umekaa mbele ya hii, nao hauna budi kutolewa kwanza. Mkanda ukiwa umelegea hutoka katika puli kwa mkono mtupu. Lakini feni bado iko mbele yake. Basi uupitishe juu ya ubao mmoja wa feni, uizungushe feni kidogo, uupitishe juu ya ubao wa pili, na hivyo hivyo hata mwisho, katika ule mwanya mwembamba ulio kati ya feni na kizingio chake. Ni kazi ya kuchosha vidole, wala hapana njia ya mkato.

Mikanda ikiisha kutoka, wengi huitupa majanini na kukimbilia kutia mipya. Twasema, ngoja. Uchukue mkanda wa zamani mahali penye mwanga, uugeuze ndani nje, usome. Mbavu ziking'aa kama kioo, ulikuwa ukiteleza, yaani uliachwa umelegea. Ubavu mmoja ukiwa umeliwa na mwingine mzima, puli hazilingani. Hapo pitisha kijiti kilichonyooka au uzi uliokazwa mbele ya puli zote uone ni ipi iliyotoka katika mstari. Mpira ukiwa umevimba na kuwa laini kama ulioloweshwa, umekunywa oili au dizeli, na yapasa kutafuta inapovuja, mara nyingi kwenye sili iliyo nyuma ya puli ya krenki. Mpya utakufa kwa ugonjwa huo huo usipoizuia. Nyufa za kukingama ni uzee na joto. Nao uliokatika mara moja, mpira wake ukiwa mzima na nyuzi zikining'inia, haukufa kwa uzee: ama beringi fulani ilikwama ikaunyonga, ama aliyeutia aliulazimisha kwa chuma akazikata nyuzi za ndani.

Tena, mikanda ikiwa haipo, ndiyo nafasi ya pekee ya kuzisikiliza puli. Zungusha kila moja kwa mkono. Yapasa iende laini na kimya. Ukihisi mchanga ndani yake, au ukiishika juu na chini ikatikisika, beringi yake imekwisha. Twamjua dereva mmoja wa gari la abiria katika njia ya milimani aliyekata mikanda mitatu katika masika moja. Kila mara alimlaumu mwenye duka, naye mwenye duka akailaumu barabara. Mara ya tatu, usiku, alikuwa na mgonjwa garini, nao walingoja njiani hata alfajiri. Kulipokucha alikuja fundi mzee, asitazame mkanda hata kidogo, bali akaishika puli ya pampu ya maji akaitikisa. Ikacheza kama jino la mtoto. Chini ya pampu, katika lile tundu dogo ambalo viwanda huliacha makusudi ili maji yavujayo yaonekane, palikuwa na mfereji wa kutu wa siku nyingi. Walibadili pampu, na mkanda wa nne ulidumu. Mikanda ile mitatu ilikuwa imesema habari hiyo hiyo, ila ilitupwa kabla ya kusikilizwa.

Basi safisha mifuo ya puli kwa kitambaa kikavu, uhakikishe haikuliwa ikawa kama bakuli, maana vumbi letu ni kama tupa na husaga hata chuma. Pitisha mikanda mipya juu ya feni kama ulivyoitoa ile ya zamani, uilaze katika puli ya krenki, kisha ya pampu, na mwisho ya altaneta. Ikiwa haitaki kuingia, altaneta haijasogezwa vya kutosha, au mkanda ni mfupi. Usiiingize kwa kuisukuma na bisibisi, wala usimwambie mtu awashe injini kidogo ili ipande yenyewe. Kwa njia ya kwanza utakata nyuzi zisizoonekana. Kwa ya pili utakata kidole.

Kukaza ndiko kwenye ugomvi. Wako madereva wapendao kukaza mpaka mkanda ulie kama uzi wa zeze, wakisema hautateleza kamwe. Ni kweli hautateleza. Bali utavuta beringi za pampu na za altaneta upande mmoja usiku na mchana, na baada ya miezi michache utanunua pampu. Mkanda uliolegea hujiua wenyewe, uliokazwa mno huua wenzake, na kati ya hayo mawili twaona la pili lina gharama zaidi. Kitabu cha gari hutaja kipimo, nacho ndicho cha kufuatwa. Pasipo kitabu, desturi ya mafundi kwa mikanda ya kabari ni kubonyeza kwa dole gumba, kwa nguvu kama ya kilo 10, katikati ya sehemu iliyo ndefu kati ya puli mbili: ushuke kiasi cha milimita 10 hata 13, na mpya ushuke pungufu kidogo. Au ushike kwa vidole viwili uupindue. Ugeuke robo ya mzunguko, usipite hapo. Kisha kaza bolti ya kukazia, na ya bawaba, upime tena, kwa kuwa kule kukaza nako huweza kuisogeza altaneta.

Kwa mkanda wa matuta wa magari madogo, mambo ni mepesi zaidi katika kukaza lakini magumu katika njia. Mengi yana puli yenye springi iukazayo mkanda yenyewe. Huigeuza kwa spana, ukautoa mkanda katika puli moja laini, ukairudisha polepole isije ikakupiga. Lakini kabla ya kutoa, chora katika karatasi jinsi mkanda unavyopita, upi juu na upi chini, maana ukisahau utakaa hapo mpaka jua lituwe. Pengine mchoro umebandikwa chini ya boneti. Matuta hupita katika puli zenye mifuo, na mgongo laini hupita katika puli laini. Kabla ya kuwasha tazama kila puli kama tuta moja halikutokeza nje ya ukingo. Likitokeza, mkanda huo hautamaliza wiki.

Twaonya jambo jingine. Kuna mkanda wa pili katika injini nyingi, nao una meno, umefichwa ndani ya kifuniko. Ndio mkanda wa taimingi ufunguao na kufunga vali kwa wakati wake. Injini ya 1HZ tuliyoitaja inao, na katika magari hayo taa yenye maandishi T-BELT humkumbusha dereva siku zake zikifika. Huo si wa kubadilishwa kando ya njia. Ukikosewa jino moja vali hufunguka kwa wakati usio wake, na katika injini nyingi ukikatika vali hugongwa na bastola. Aliyejifunza kubadili mkanda wa nje asijidhanie kuwa amejifunza huo.

Na ikiwa mkanda wa nje umekatika nawe huna mwingine? Watu husimulia habari za soksi ndefu za nailoni za kike, kusokotwa kama kamba na kufungwa badala ya mkanda. Hufaa mara nyingine, lakini katika puli za kabari tu, na kati ya krenki na pampu ya maji peke yake, altaneta ikiachwa. Fundo likatwe fupi, mwendo uwe wa polepole, na dereva asimame mara kwa mara kutazama joto. Katika puli za matuta hazishiki. Kwa maoni yetu ni afadhali kuomba gari jingine liende na mgonjwa, nawe ubaki na lako.

Mikanda mipya ikiisha kufungwa, rudisha ncha ya betri, kusanya spana zote uzihesabu, ndipo uwashe. Iache injini izunguke dakika tano polepole. Katika muda huo mdogo mkanda mpya hukaa mahali pake na kulegea kidogo. Zima, ngoja ipoe, pima tena, ukaze inapohitaji. Pima mara nyingine baada ya kilometa mia chache. Na ile ya zamani, kama ilitolewa kwa uzee tu wala haikukatika, usiitupe: ifunge kwa kamba chini ya kiti pamoja na spana ulizozitumia, na kipande cha karatasi chenye namba ya mkanda na tarehe uliyoubadili.